Dakika Sita

Treni ya Mustasuo ilikuwa inachelewa.
Hilo ndilo la kwanza kulijua:
kila Jumamosi, saa kumi na mbili na robo jioni,
ndani ya redio juu ya kabati letu la vyombo,
treni ilichelewa dakika sita,
na katika dakika hizo ndimo tulimoishi.

Hakukuwa na jambo kubwa.
Vihtori, mkuu wa kituo, alikohoa mara mbili,
akamimina kahawa, kijiko kikagonga kikombe,
akamuuliza karani wake habari za meno.
Siku moja kipindi kizima kilikwisha
wakitafuta ufunguo wa stoo
uliokuwa mfukoni mwa Vihtori mwenyewe.
Tauno alicheka hadi akashika ubavu.
Alikuwa ametoka sauna, nywele zachuruzika,
taulo begani, nami namkataza kuketi
kwenye kiti cha kitambaa.
Aliketi. Kila Jumamosi aliketi.

Ng'ombe wetu wa mwisho tulimwita Karani.
Alikuwa na macho ya mtu mwenye meno mabovu.

Tauno alikufa Machi, theluji ingali kiunoni,
na Jumamosi ileile, wageni walipoondoka,
vipande vya mikate yao vimebaki sahanini,
nikafungua redio. Sikuona haya.
Vihtori akakohoa mara mbili.
Kanisani sikulia. Nililia pale,
kwa kikohozi cha mtu
ambaye hajawahi kuwapo duniani.

Kisha huko Helsinki mtu fulani akaamua
kwamba tumechoka. Hakutuuliza.
Vihtori wakampa sauti ya kijana
anayetamka kana kwamba analipwa kwa silabi.
Hakohoi. Kahawa yake haina kijiko.
Karani ana mpenzi, mpenzi ana bastola,
kituo kina siri iliyozikwa chini ya sakafu,
na kila kipindi hukatika mtu akipiga yowe
ili nirudi wiki ijayo kujua kama yu hai.
Na muziki: ngoma nzito,
mara ya kwanza nilikimbilia jiko
nikidhani linapasuka.

Na treni (nisameheni, hapa ndipo pagumu)
treni inafika kwa wakati.

Niliandika barua, kurasa mbili, kwa kalamu ya wino.
Wakanijibu kwa adabu, "Ndugu msikilizaji wetu,"
wakaambatisha kalenda yenye picha za waigizaji.
Nimeitundika kwenye choo cha nje.

Nilivumilia. Mapenzi hayakatiki kama uzi;
hulegea kama lastiki ya soksi:
wavuta, yashuka, wavuta,
hadi siku moja watembea nayo kifundoni
wala huoni aibu.
Dada yangu Kerttu alisema, "Zima tu."
Kerttu ameacha waume wawili. Kuzima anakujua.

Mwisho haukuwa na kishindo.
Jumamosi moja ya Oktoba nilikuwa napika jamu,
beri nyekundu zikitokota, dirisha limejaa mvuke,
nikainua macho: saa moja kasoro robo.
Kipindi kilikuja, kikapita, sikukikumbuka.
Nilisimama na mwiko mkononi,
jamu ikidondoka kwenye kiatu,
nikangoja majuto.
Yakachelewa.

Redio ipo palepale. Mshale wake sijausogeza;
anayetaka kuufuta vumbi na aje aufute.
Ila jioni, kahawa ikiwa tayari,
kijiko changu hugonga kikombe
kuliko sukari inavyohitaji,
na kabla sijamsemesha paka
najikuta nimekohoa. Mara mbili.
Kisha naketi na nywele zangu mbichi za sauna
kwenye kiti cha kitambaa, hakuna wa kunikataza,
na maji yanaingia mtoni mwa kiti, polepole,
pale alipoyaacha yake.

Akipita jirani akachungulia, atadhani namngoja mtu.
Simngoji mtu.
Nachelewa tu.