Uji Ule Ule

Barua ilifika Jumanne, ukurasa mmoja na nusu.
Ilianza kwa shukrani, nikajua.
Miaka kumi na mmoja kwenye kiti hiki cha uhasibu
imenifunza kusoma barua kuanzia chini:
anayekuja na fedha hutaja kiasi,
anayeondoka hutaja urafiki.

Nje, hapa Isevya, sufuria ilishapanda mekoni.
Nyamizi anakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe,
watoto wamepanga vikombe vya plastiki ukutani,
kila kimoja na alama yake: uzi mwekundu,
tundu la msumari, herufi ya H iliyogeuzwa.
Hakuna aliyewaambia kuwa mwaka wa fedha umeisha.

Nimeupa uji huu majina mengi.
Walipokuja wapenda elimu
niliandika: mahudhurio.
Walipokuja wapenda wanawake
niliandika: uwezeshaji,
nikampiga picha Nyamizi na mwiko wake.
Mwaka juzi upepo ukageukia tabianchi.
Nililala saa nane usiku nikitafuta neno,
uji ukawa ustahimilivu wa kaya.
Unga ni ule ule: mahindi, karanga, ulezi wa Sikonge,
kijiko cha asali ikipatikana.
Sikusema uongo. Nilimvisha mtoto mmoja
mashati ya ndugu zake wote.

Safari hii hakuna shati.

Tuliketi watu sita.
"Gari liuzwe," alisema Mfyoma, na dereva ni yeye.
Alizitazama funguo, akaziweka mezani
polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.
Chumba cha mafunzo tukampangisha fundi cherehani.
Mizinga kumi na minne tukaitundika porini, njia ya Kipalapala;
nyuki wakahamia mitatu.
Kwenye bajeti niliandika kumi na minne.
Nikafuta. Nikaandika mitatu.

Halafu orodha.
Kaya sitini na mbili, fedha za kaya arobaini.
Mwenyekiti Sizya akanipa penseli, si kalamu,
eti ikibidi turudishe.
Nilipiga mstari hadi jina la tisa.
La kumi lilikuwa Milembe Kasele, auzaye mkaa kwa kopo,
mama wa mapacha, mlezi wa mama asiyeona.
Nikatoka nje kunawa mikono
ambayo haikuwa michafu.

Sijui nani aliwaambia akina mama.
Alhamisi walikuja na kibubu chao cha bati,
kile cha kukopeshana, wakakivunja juu ya meza yangu:
sarafu, noti zilizokunjwa udogo wa ukucha,
deni la mtu kwenye kipande cha boksi.
"Usitukate majina," alisema Nyamizi. "Punguza kikombe."
"Kikombe kikipungua, mtoto anajua."
"Jina likifutwa, hajui?"

Nilihesabu mara tatu, maana ndiyo kazi niijuayo.
Ilitosha siku kumi na saba.

Sasa tunapika siku nne badala ya tano.
Mfyoma analeta unga kwa baiskeli kutoka sokoni,
na kwenye kona bado anapiga honi, kwa mdomo.
Asali ya ile mizinga mitatu tuliiuza stesheni
kwa abiria wa treni ya Mpanda,
chupa ishirini na mbili.
Moja ilivunjika. Nimeiandika.

Jana nilianza maombi mapya, kwa wafadhili wengine.
Sehemu ya saba wanauliza:
mradi utaendeleaje fedha zetu zikiisha?
Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi,
cherehani ikigonga upande wa pili wa ukuta,
harufu ya ulezi ikiingia dirishani.
Niliandika: Njooni Ijumaa, siku tusiyopika.
Mje mapema, mvikute vikombe.

Nimefuta.
Penseli ya mwenyekiti imebaki nusu kidole,
na chini ya neno jipya, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga,
lile la kwanza bado linasomeka.