Majira

Kabugho ananipa mlingoti: simama wima, usipumue sana.
Kiputo kinatulia ndani ya duara lake dogo
nami natulia nacho,
viatu vikizama kwenye mchanga
ambao Nyamwamba iliumwaga mwezi wa tano
juu ya mihogo ya Thembo, hapa chini ya Kilembe.

Thembo anauliza: Hivyo vyombo huko juu vinaniona?

Havikuoni, Baba Muhindo. Havimwoni mtu.
Kila kimoja kinarudia yale yale usiku na mchana:
mimi ni nani, nipo wapi, sasa ni saa ngapi.
Kama mlinzi wa ghala la pamba anayegonga chuma
bila kujali nani yuko macho.

Kazi ni yetu, tunaosikiliza.
Imesemwa saa hii, imefika saa hii,
na huko kuchelewa, ambako hakujazi hata kope,
ndiko umbali:
kilomita elfu ishirini na ushei.

Chombo kimoja hakitoshi, wala viwili.
Vitatu vinakukamata, ila saa ya kifaa chetu ni ya bei rahisi,
inadanganya kidogo,
na uongo wa sehemu moja ya milioni ya sekunde
ni mita mia tatu, yaani shamba zima la jirani.
Cha nne kinakuja kuusuta uongo huo.

Lugha ilijua kabla yetu:
majira ni wakati, majira ni njia ya chombo.
Aliyepotewa na haya
hayo mengine atayashika na nini?

Mlima umekula nusu ya mbingu.
Vitano, anahesabu Kabugho. Vinne. Vitatu, hii mikalitusi!
Tunangoja. Anatusimulia juu ya lori la saruji
lililoongozwa na simu hadi kwenye daraja lililokwisha kuchukuliwa,
na ndovu wa bondeni mwenye kola shingoni:
askari wa mbuga humtangulia kwenye pamba,
naye hushangaa nani amemsemea.

Kisha namba zinatulia.
Anazilinganisha na zile za hati.
Mita kumi na moja, anasema, magharibi.

Magharibi ni mto.

Navua viatu. Maji ya goti, maji ya paja,
baridi ya theluji iliyoamka leo asubuhi.
Kushoto kidogo, anapaza sauti. Sentimita mbili. Hapo!

Hapo: kona ya shamba la Thembo.
Mti wa mpaka haupo, zege la alama halipo,
lakini namba hazijasogea hata unywele.

Thembo amechutama ukingoni.
Haulizi tena habari za juu.
Anauliza kama ninakanyaga ardhi.

Nakanyaga jiwe, namjibu. Linahama.

Lishikilie kidogo, anasema.