Huko Jua Halifiki

Kalunde Mlekwa alishuka Kitete kutoka Sikonge
na lori la tumbaku,
kanga mbili: moja ya kuvaa, moja ya kufichia.
Akaninong'oneza kwa Kinyamwezi:
"Hedhi iliniaga, mwaka wa tisa huu.
Imerudi bila hodi."

Mwezi Machi ni mimi niliyempa vidonge vya fangasi.
Mei, tena.
Sikumwambia apande kitandani.
Yeye alikuwa na haya, mimi nilikuwa na foleni;
tukaelewana vizuri mno.

Mara hii nikavuta pazia, nikawasha taa.
Pembeni mwa mlango waliopita watoto saba
kulikuwa na doa: jeusi katikati, hudhurungi ukingoni,
kama asali iliyoungulia sufuriani.
Weusi wa ngozi naujua, nimezaliwa nao.
Huu haukuwa wetu.

Daktari Ruhunda alikata kipande, punje ya mtama,
kikazama kwenye kichupa cha formalini,
kikapanda basi la Mwanza alfajiri
na jina lake kwa mwandiko wangu.

Wiki nne.
Mvua ya kwanza ikanyesha, watu wakashika majembe,
ndipo jibu likaja: melanoma.

"Ni saratani ya rangi ya ngozi," nikamweleza.
"Mara nyingi hulaumiwa jua."
Akacheka, akavuta kanga magotini.
"Jua? Sista, huko hata marehemu mume wangu
hakuwahi kuingia na taa."

Daktari alisema hii ni ya pili tangu aanze kazi.
Ya kwanza ilizikwa kabla haijapata jina.
Akaeleza upasuaji wa Dar es Salaam,
tezi za kinena zitakazopimwa,
na dawa ya kuamsha askari wa mwili,
ambayo bei yake aliitaja akitazama dirisha.
Kalunde akauliza moja tu:
"Nitakojoaje?"
Daktari akageuza cheti, akamchorea.

Treni ilimchukua usiku.

Jana amepiga simu. Wamekata.
Majibu ya tezi bado.
"Nakaa upande," amesema,
"kama niliyepakiwa nyuma ya baiskeli."
Sikujua nicheke au nifanye nini.

Tangu Machi nilipokosea
nimeshapandisha kitandani wanawake mia na kitu.
Foleni inanung'unika hadi kwenye bomba la maji.
Navuta pazia.
Nawasha taa.