Ukuta wa Tanuri

Mkate wetu hapa Telavi hubandikwa ukutani.
Unainama hadi kiunoni ndani ya tanuri la udongo,
unalipiga donge ubavuni mwa moto, unaibuka
nyusi zikinuka kuungua.
Miaka ishirini na miwili nimeinama hivyo,
na hakuna aliyewahi kuniuliza
kwa nini kila mwezi, siku mbili,
nilikawia kuinuka.

Nilikuwa nikiliegemeza tumbo kwenye ukuta ule.
Joto lilipenya aproni, likapenya ngozi,
likaufikia mkono uliokuwa ukinikamua kama nguo mbichi,
ukalegea kidogo. Mteja anasema, "Miwili, ya moto."
Nampa miwili, ya moto.

Basi Tamta aliponiita kutoka sakafu ya bafu,
shavu juu ya vigae, magoti kidevuni,
nilimwambia nilichoambiwa:
Ndio uanamke huo. Vumilia. Ukizaa yatakoma.
Nilizaa. Hayakukoma.
Akakosa shule Jumanne, Jumatano,
akakosa mtihani wa kemia,
akatapika kwenye ndoo ya zabibu
na mavuno yakaendelea bila yeye.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi.
Mimi niliujua vizuri. Ndiyo maana sikuushtukia.

Daktari Lamara, ghorofani juu ya duka la viatu,
hakucheka, hakuharakisha.
Alichora mji wa mimba nyuma ya risiti yangu ya unga,
kama pea iliyopinduliwa. "Huu ni msuli," alisema.
"Mimba isipoingia, utando wa ndani hubomoka,
na ukibomoka hutoa kemikali
zinazouamuru msuli ujikaze. Zikizidi, hujikaza
hadi damu yake wenyewe inashindwa kupita.
Hapo ndipo binti analia. Si kudeka."

Dawa, alisema, isisubiri kilio:
ianze kwenye dalili ya kwanza, pamoja na chakula,
siku mbili au tatu, kwa saa zilizoandikwa,
kwa maana huzuia kemikali zisitengenezwe,
haizifukuzi zikishajaa.
Chupa ya maji ya moto, ndiyo. Kutembea, akiweza.
Na miezi mitatu ikipita bila nafuu, arudi:
kuna vidonge vya homoni, kuna kipimo cha picha,
kuna utando unaoota pasipo pake,
kwenye mirija, nyuma ya mji, juu ya utumbo,
nao hauponi kwa kuambiwa vumilia.

Tamta aliandika yote kwenye simu.
Kisha daktari akaweka kalamu chini, akanitazama mimi.
"Na wewe, mama? Yako yakoje?"

Nilitaka kusema nimemleta mtoto tu.
Nilitaka kusema nimeacha unga unaumuka.
Kinywa kikafunguka, ikatoka
miaka yote ile, mmoja baada ya mwingine,
pamoja na yale ya kitandani
ambayo hata Jumberi hakuyajua,
na mwanangu akaacha kuandika.

Mwezi huu Tamta alimeza kidonge saa moja asubuhi
na kipande cha mkate wa jana. Alishika tumbo, bado,
lakini alienda shule, amechelewa kipindi kimoja.

Mimi nina karatasi ya rufaa, Tbilisi, tarehe kumi na tisa,
imekunjwa mfukoni mwa aproni, ina unga.
Leo nimeinama, nimebandika, nimeinuka.
Ukuta ulikuwa na joto. Nimeuegemea kidogo,
kwa mazoea.