Mtalawanda wa Kushoto

Kutoka zizi la Telvina hadi mdomo wa pango
ni saa mbili za kupanda na nusu saa ya kujuta:
genge la chokaa lenye meno, nyufa za upana wa vidole viwili,
na ukungu wa Asturia unaoingia bila hodi
ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Iyán hutangulia. Huugonga mwamba kwa fundo la kidole
kabla ya kuuamini, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
Mimi hufuata na daftari, penseli ikining'inia shingoni,
maana kazi yangu ni kuchora giza.

Asubuhi ile tulimkuta Telvina akigeuza jibini
katika kijipango cha nyuma ya nyumba yake.
Ukungu wa nje hutunyima njia;
ukungu wa mle ndani, ule wa buluu, ndio unaomlisha.
"Shimo mnaloliendea," alisema bila kutugeukia,
"kaka yangu Selmo alilishuka. Alifuata mbuzi.
Mwaka wa theluji ndefu. Kwa kamba ya kufungia nyasi."
Nel alitabasamu kwa adabu.
Mimi pia.

Hadithi yenyewe tuliisikia kwenye baa ya bondeni:
Selmo, miaka kumi na saba, alirudi alfajiri bila mbuzi,
mguu mmoja mtalawanda, mguu wa pili soksi,
akasema kule chini kuna maji yanayoongea.
Wakamwita Mguu-Mmoja
mpaka akahama kwenda kuchimba makaa,
mpaka akafa huko huko na vumbi lake kifuani,
na waliobaki wanamcheka bado, mkono mmoja juu ya kichwa,
wakimimina mvinyo wa tufaha kutoka mbali.
Asiyekuwapo na lake halipo.

Shimo la kwanza: mita arobaini.
Drili, msumari, fundo, kamba mpya ya rangi ya chungwa.
Pumzi ya pango inanuka sarafu za zamani.
Shimo la pili linabana mabega, kisha linakuachia ghafla,
nawe unazunguka hewani kama buibui
aliyesahau alichokuwa anasuka.
Chini yake kuna ukingo, mpana kama sinia.
Nilikuwa nimeshaandika, kwa herufi kubwa, kwa majivuno:
HAPA HAJAFIKA MTU.

Kisha taa yangu ikateleza pembeni
ikakuta vijiguu vitatu vya mti vikitazama juu.

Mtalawanda. Umelala chali,
chokaa imeufunika nusu, taratibu, tone kwa tone,
kama mama anayemvutia shuka mtoto aliyelala.
Nel alizima drili.
Ndipo tukayasikia, mbali chini ya nyayo zetu:
hayangurumi, hayatiririki,
ni kama watu wa chumba cha pili
wanaobishana kwa sauti ya chini.

Nikaitazama mikono yangu ndani ya glavu.
Nikaiwaza yake, kamba ya nyasi ikiila,
mshumaa mmoja, na mbuzi ambaye pengine
hata hakuwa mle.
Nikafuta maneno yangu. Kifutio kiliacha doa la kijivu,
na ramani imetoka hivyo, na doa lake.

Telvina aliupokea jioni kwa mikono yenye harufu ya maziwa.
Hakulia. Hakusema niliwaambia.
Akaenda mlangoni kwa kijipango chake,
akainama, akavuta kile kilichouzuia mlango
usijifunge kwa upepo miaka yote hiyo:
wa kulia.

Akaiweka pamoja juu ya jiwe.
Haikulingana tena. Mmoja mweusi kwa moshi, umesinyaa;
mwingine mweupe, mzito, umevimba kwa maji.
Akaitazama kwa muda, akausukuma wa kushoto
mbele kidogo,
kama mguu unaoanza kwenda.

Kisha akaturudishia mgongo. Jibini haisubiri.
"Na hayo maji," aliuliza kutoka gizani,
"bado yanaongea?"