Faki Apewa Joho

Wete wamegawanyika,
baraza zimechemka,
kwamba joho la kuruka
kapewa muuza boflo!

Faki? Ngazi humchosha,
hata paka humtisha,
ataokoa maisha
ya nani? Ya konokono!

Shujaa wa utotoni,
kitabu ki godoroni,
mrefu, na kidevuni
ana kishimo. Si hivyo!

Sinema. Skuli. Shuka.
Kinyago akajivika.
Jambazi likatamka,
"Nani wewe?" kwa kishindo.

Kabla yeye kujibu
mwendo ushamuharibu;
ukumbi, bila aibu:
"Si Faki, Faki wa boflo!"

Nimerudi godoroni,
namtazama pichani:
kishimoni, kidevuni,
naona unga wa ngano.