Pazia la Bucha

Kila Jumatatu, saa mbili kasorobo asubuhi,
naitundika kanga kwenye kioo cha bucha,
mapaja na mbavu zikae nyuma ya maua
mpaka Hansaben Raichura apite
na sahani yake ya chuma, ndizi mbili, kipande cha nazi,
akielekea kwa mungu wake, kona ya pili.
Hakuniomba. Sikumwambia.
Ni adabu tu, kama kukunja mguu mwenzio apite.

Leicester hii mvua yake haina haya.
Marehemu Shekue aliniachia visu vinne,
deni la friji, na leseni ukutani.
Hansaben alizaliwa Mwanza, duka la vitambaa,
Kiswahili chake bado kina mawe ya kule.
"Ng'ombe wa Wasukuma," aliniambia siku moja kituoni,
"walikuwa wakipita mbele ya duka, nikiwagusa pembe.
Wewe unawagusa wapi?"
Basi likaja. Nikalishukuru basi.

Halafu diwani Whitlock akaleta hoja:
nyama ya mnyama asiyezimishwa kwanza
isiingie jikoni mwa shule za mji.
"Kuzimishwa?" niliuliza. "Kama taa?"
"Ndiyo, Mama," akasema mwanangu Fumo. "Kwa umeme. Kama taa."

Ukumbi ulijaa makoti yaliyolowa.
Mwanasheria, kijana mwenye mafua,
alitueleza kwamba nchi hii haina katiba ya kushikwa mkononi:
haki zake zimetawanyika, huku sheria, kule hukumu,
nyingine mazoea tu,
kama funguo za nyumba kongwe
ambazo hakuna ajuaye zote zinafungua nini.
Imani ni huru, akasema. Kuidhihirisha kuna mipaka.
Akapiga chafya. Mipaka hakuitaja.

Mimi nilisema yangu kwa pumzi moja:
kisu hunolewa mbali na macho yake,
jina hutajwa, mkono hautetemeki.
Sikumtaja yule ndama wa mwaka juzi, kule machinjioni,
aliyegeuza shingo akanitazama.

Kisha Whitlock, akitabasamu, akamwita Hansaben.
Alimtaka kama mtu anavyotaka chumvi:
kidogo, juu ya chakula alichokwisha kupika.

Akasimama, ndala juu ya soksi za sufi.
"Ingekuwa juu yangu, asingechinjwa hata mmoja.
Awe wa huyu mama, awe wako, bwana diwani,
yule wa Jumapili, wa viazi na mchuzi.
Umeme wako haunifariji. Aliyezimwa naye haamki.
Lakini huko anakoishi kaka yangu sheria inamlinda ng'ombe,
na usiku vijana waliingia nyumbani kwa fundi viatu
kunusa sufuria yake.
Siku ya pili hakufungua duka. Wala ya tatu.
Ng'ombe hakuwatuma.
Mimi kinywa changu nakifunga mwenyewe, tangu utotoni.
Sihitaji kufuli la manispaa."

Wengine walipiga makofi, nusu yao bila kujua kwa nini.
Hoja ikaahirishwa hadi Novemba,
maana mlinzi alitaka kufunga jengo.

Sikumshukuru. Utamshukuruje
mtu aliyekutetea huku akikuhukumu?
Usiku ule nilimgeuza Hansaben kitandani, upande huu, upande ule,
yeye na neno lake, *hata mmoja*,
na kila nilipomaliza kumjibu
ndama alikuwa bado ananitazama.

Jumatatu nikatundika kanga kama kawaida.
Nikasikia viatu vyake vikija, vikasimama.
Kwa mara ya kwanza aligonga kioo, kwa ukucha mmoja.
"Mama Fumo," alisema, bila kuangalia ndani,
"kanga yako umeitundika kichwa chini.
Miaka tisa naisoma kwa kupinda shingo."
Akaenda zake, sahani imefunikwa kwa kiganja, mvua isiguse nazi.

Nikatoka nje kwenye manyunyu,
aproni na damu yake,
nikasimama pale alipokuwa amesimama,
nikapinda shingo.